Kishada Hajaamkia

Jumapili, Novemba 1996

Mvua imeanza tangu misa ya kwanza na haina dalili ya kuacha. Ziwa halionekani. Hata yale mawe makubwa ya ufukweni yamefunikwa, na mto wetu hapa Mirongo, Mwanza, unashuka na takataka zote za watu wanaokaa juu. Nimetoka stesheni kumsindikiza mdogo wangu. Nimelowa hadi kwenye nywele, mimi ambaye kazi yangu ni nywele, na wala sijali.

Sina homa. Nina majivuno na nina hasira, na vyote viwili vimekaa kifuani mahali pamoja. Nimeona bora niandike, maana kesho nafungua saluni na sitaki kumalizia hasira kwa mteja.

Mdogo wangu Respi ndiye anayemchora Kishada.

Nikifa leo na shajara hii ikaokotwa na mtu asiyemjua Kishada, basi namhurumia, lakini nitamweleza. Kishada alikuwa shujaa wa kitabu cha picha. Kilitoka kila mwezi, kurasa chache za karatasi ya kijivu iliyoacha wino vidoleni. Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini, na siku ya mshahara alituletea kikiwa kimekunjwa mfukoni mwa koti. Kishada alikuwa fundi baiskeli tu, mtu wa kawaida, mpaka upepo wa ziwa uvume. Hapo aliruka. Hakuwa na vazi la ajabu. Alivaa kaptula, shati lenye kifungo kimoja kilichopotea, na katambuga za tairi ambazo hazikumvuka hata akiwa juu ya mawingu. Mimi na Respi tulibishana sana kuhusu hizo katambuga. Adui zake walikuwa walanguzi, wale waliofungia sukari stoo, waliochanganya unga na chokaa, waliouza sabuni kwa mlango wa nyuma.

Na kabla ya kupigana, Kishada aliamkia.

Siongezi chumvi. Mlanguzi akiwa mtu mzima kuliko yeye, na karibu wote walikuwa watu wazima wenye vitambi, Kishada alitua mbele yake, akaweka miguu sawa, akasema, "Shikamoo mzee." Na yule mlanguzi, panga mkononi, amekalia magunia ya wizi, alijibu, "Marahaba." Angefanyaje? Mdomo unajibu wenyewe. Halafu kilifuata kile kisanduku tulichokisubiri mwezi mzima, uso wa mlanguzi anapogundua alichosema. Ameshakubali kuwa mzee wa huyu kijana. Sasa atamkataje panga mtoto aliyempa heshima yake? Wengine waliangusha panga palepale. Wengine walilia. Wabishi walipigwa, ndiyo, lakini walipigwa wakiwa wameshaaibika.

Mtaani tulicheza Kishada kila jioni, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa Kishada. Wote tulitaka kuwa mlanguzi, kwa sababu mlanguzi ndiye aliyeamkiwa. Respi, mdogo kuliko wote, aligombania ulanguzi hadi machozi yakamtoka. Basi mimi, dada yake mkubwa, niliruka kutoka juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nikatua mbele yake, nikamwamkia. Naye alisukuma tumbo mbele, akanijibu kwa sauti nzito, "Marahaba mwanangu. Shule unasoma lakini?" Mara nyingi kofi lilifuata. Ila lilifuata baada ya maamkizi. Utaratibu tuliuheshimu.

Halafu karatasi zikaadimika nchini kama vilivyoadimika vitu vingine, na Kishada akaacha kutoka. Hakuna aliyetuaga. Mwezi mmoja baba alirudi na mfuko wa koti ukiwa mtupu, na mwezi uliofuata hivyohivyo, mpaka tukaacha kumkimbilia mlangoni. Vile vya zamani nilivisoma mpaka vikachanika mgongoni. Nimekuwa mtu mzima navyo. Nimeolewa navyo, nimeachika navyo, na viko chini ya kitanda hadi leo ndani ya sanduku la bati.

Respi yeye hakuridhika kusoma. Alimnakili Kishada kwa kuweka karatasi juu ya kioo cha dirisha, kisha akaanza kumchora bila kunakili, kisha akaanza kuchora kila kitu. Biashara ziliporuhusiwa na kila mtu akafungua kibanda, alichora vibao vya nusu ya mji huu. Vinyozi, mabucha, maduka ya mitumba. Kibao cha saluni yangu ni cha kwake, na mwanamke aliyechorwa pale ana shingo nzuri kuliko ya mteja wangu yeyote. Mwaka jana akaenda Dar, na mwaka huu akanipigia simu kwa jirani akihema. Kuna tajiri amenunua jina la Kishada, anamrudisha kwa rangi, na amemchukua yeye awe mchoraji.

Nililia kwenye simu ya watu. Tangu siku hiyo sijasuka kichwa hata kimoja bila kusimulia. Wapo wanawake hapa Mirongo ambao hawajawahi kushika kitabu cha picha, lakini wanajua kwamba mdogo wake Adventina anamchora Kishada. Nimejivuna, nakiri. Nimetembea barabarani kama niliyepewa cheo.

Jana mchana akaingia saluni na begi lake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda."

Akacheka, akafungua begi, akatoa toleo la kwanza likiwa ndani ya nailoni ili lisilowe. Karatasi yake inang'aa mpaka unajiona. Nilifuta mafuta mikononi mara mbili ndipo nikalishika. Mama Kulwa, ambaye nilikuwa nimempaka dawa ya nywele na inamwasha, alisahau kwamba inamwasha. Alikaza macho kwenye jalada, akamtazama Respi kuanzia viatu hadi kichwani.

"Haya yote amechola huyu? Kwa mkono huu huu?"

"Kwa mkono huo huo," nikasema.

"Milongo imetoa mtu!"

Sikumrekebisha, na sikumkumbusha kuhusu dawa mpaka alipopiga kelele. Nilikuwa nimejaa. Nilitazama jinsi Respi alivyochora maji, jinsi mwanga unavyokaa juu ya mawe yetu baada ya mvua, na nikajua hakuna mtu wa Dar anayeweza kuyachora mawe yale namna ile. Hayo yalitoka hapa. Hata kile kifua kipya cha Kishada, kilichotuna kama robota la pamba, nilikisamehe.

Mama Kulwa alipoondoka nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikasoma. Respi alijifanya anapanga vitana.

Kishada siku hizi si fundi baiskeli. Ana nyumba chini ya ardhi yenye mitambo. Ana suti nyeusi iliyombana na miwani ambayo haivui hata gizani. Hacheki. Mkewe, ambaye zamani alikuwa mpima pamba na ndiye aliyegundua mizani zote za wizi, sasa amefungwa kamba ukurasa wa tatu na gauni limechanika, na anabaki amefungwa mpaka mwisho, akipiga kelele. Haya, nikasema, ngoja tufike kwa adui. Adui ni mzee mwenye mvi, tajiri wa maboti. Amesimama gatini, ametazama ziwa. Kishada anatua nyuma yake. Nyuma! Nikafungua ukurasa, roho juu, kama vile nilivyokuwa nikifungua nikiwa mtoto.

Kishada amemvunja mzee shingo.

Nikarudisha ukurasa. Nikatia mate kidoleni, nikajaribu kutenganisha karatasi, maana niliona wazi kwamba kurasa mbili zimegandana. Hazikutengana. Nikalitingisha. Nikamwambia Respi, na nilimwambia kwa kumhurumia kabisa, kwamba wachapaji wamemwangusha, nakala hii imerukwa ukurasa, akawaambie kabla hawajazisambaza nyingine.

Akacheka. Halafu akaniona usoni, akaacha kucheka.

"Haijarukwa, dada."

"Hajaamkia."

"Najua hajaamkia."

Akavuta stuli, akanieleza kama mtu anayemweleza mteja kwa nini kibao kitachelewa. Shikamoo inakula kisanduku kizima. Marahaba inakula kingine. Ule uso wa kugundua unakula cha tatu. Tajiri anasema watu wanatoka kwenye mabanda ya video, wamezoea mambo ya harakaharaka, hakuna mwenye subira ya kungoja shujaa na adui waulizane hali.

"Na shingo imekula visanduku vingapi?"

Shingo imekula ukurasa mzima, na ameichora vizuri mno. Hilo ndilo lililoniuma. Kazi mbovu ningeicheka tukamaliza.

Nikamwambia Kishada wetu hakuwa hivi. Akaniambia Kishada wetu angepigana na nani leo? Sukari iko kila duka. Yule aliyekuwa anaificha sasa anaitwa mfanyabiashara, ana leseni ukutani, na mkewe anakuja kwako kuweka nywele kalikiti. Akaielekeza draya yangu ya kukaushia nywele kwa kidole, akauliza nani aliniletea kutoka Dubai. Aliniletea mfanyabiashara huyohuyo, na Respi anajua. Saluni hii isingekuwepo miaka ile. Dawa ningeipata wapi? Na mimi sitaki miaka ile irudi, nisidanganye hapa kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nilipanga foleni ya sabuni nikiwa na mimba. Sitaki.

Lakini mzee wa watu shingo?

Nilidhani tumemaliza kugombana. Kumbe alikuwa hajasema kilichomleta. Toleo hili la kwanza halina jina la mchoraji. La pili litakuwa nalo, na litakuwa juu ya jalada, herufi kubwa, chini kidogo tu ya jina la Kishada. Tajiri ameona kazi imempendeza. Respi anataka liandikwe jina lote, yaani lake na la baba. Mwombeki. Baba amekufa, na mimi ndiye mkubwa nyumbani kwetu. Amesafiri treni yote hiyo kuja kuniomba ruhusa.

Nilitazama nje kidogo, nikajifanya nasikiliza kama mtu anapiga hodi.

Jina hilo limeandikwa mahali pawili tu katika maisha yangu, kwenye kitambulisho cha bandarini na kwenye msalaba wa kaburi. Baba alibeba vitabu vile mfukoni miaka yote, akavisoma mwenyewe kwanza njiani, tulijua, kwa sababu vilifika na alama ya kidole gumba. Nimetamani tangu nipate akili kuliona jina hilo mahali penye watu. Sasa linataka kuja, likiwa na rangi, likae kwa wauza magazeti kuanzia Dar hadi Bukoba, na limekuja limebebwa na maiti ya mzee asiyeamkiwa.

Nilitaka kudanganya. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: ni zuri, weka, Mungu akubariki. Angefurahi, ningemkaangia senene zake, wale panzi wa msimu huu wa mvua, tungelala salama. Lakini Respi ananijua. Mimi ndiye niliyemwambia akiwa mtoto kwamba miguu ya ng'ombe wake inafanana na ya meza, na akarudia mpaka ikawa ya ng'ombe. Nikimdanganya leo, sifa zote nilizompa zamani nazo zitaoza.

"Weka Respi," nikasema. "Mwombeki liache."

Alisimama. Sijawahi kumwona amesimama namna ile mbele yangu.

"Dada, wewe unampenda Kishada, au unajipenda ulivyokuwa na miaka kumi?"

Akafungua mlango, akatoka kwenda kutembea ziwani. Nami nikabaki kwenye kiti cha wateja natazamana na mimi mwenyewe kwenye kioo. Swali lake lilinichoma kwa sababu lina kaukweli ndani. Nilijiuliza kwa haki kabisa. Pengine watoto wa leo watakipenda hiki kama sisi tulivyopenda chetu. Pengine kuna mtoto Usagara huko atakayekificha chini ya daftari darasani. Sawa. Lakini hata nikiwa na miaka kumi leo, na nisijue chochote cha zamani, najua ningeuliza yule mzee alikuwa nani. Kitabu kizima hakisemi. Hana jina, hana mke, hana hata kosa tuliloliona kwa macho. Mlanguzi wetu wa chini kabisa alipewa nafasi ya kuitika. Mimi sililii shati lenye kifungo kilichopotea. Nililokasirikia ni kwamba shujaa anayeweza kuruka amekuwa mtu wa kuvizia wazee kwa nyuma, na mkono uliomchora hivyo ni mkono ninaoupenda kuliko wote duniani.

Alirudi jioni, viatu mkononi. Nilikuwa nimeshakaanga senene, kwa sababu hasira ni hasira na msimu ni msimu. Alikula zote bila kuniangalia. Mimi niliosha vyombo vilivyokuwa visafi. Hakuna aliyetaja Kishada, hakuna aliyetaja baba, na nyumba yetu haijawahi kuwa na adabu kiasi kile.

Leo tumekwenda stesheni na mwavuli mmoja. Kila mtu alimsukumia mwenzake, matokeo yake tumelowa wote wawili. Treni ilipoanza kuita watu, akashusha begi chini.

"Dada, jina litakaa," akasema. "Lote."

Nikamwuliza basi alikuja kuniomba ruhusa ya nini.

"Nimeomba kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Lakini baba ni wangu pia. Na kazi ni yangu. Kama ni mbaya, basi ni mbaya ya Mwombeki, sitaki kujificha kama mwizi. Nikiwa na jina pale juu, siku moja tajiri atalazimika kunisikiliza. Bila jina mimi ni mkono tu."

Nilimtazama, sharubu zinadondosha maji, kidevu kimeinuka, na hatetemeki hata kidogo mbele yangu, mimi ambaye watu wazima huogopa kunidai chenji. Hakuniita mshamba. Hakuniambia nimepitwa na wakati. Amesafiri siku nzima na zaidi kuja kulisikia jibu langu kwa masikio yake, amelisikia lote, halikumpendeza, na amelikataa akiwa amenitazama usoni.

Nikamvuta kichwa, nikamfuta maji usoni kwa khanga yangu mbele ya abiria wote, mtu mwenye sharubu. Akapanda. Nilipiga mayowe ya kumuaga mpaka mlinzi wa stesheni akanigeukia.

Njiani kurudi nililia kidogo, halafu nikajikuta natembea kifua mbele ndani ya mvua kama kichaa.

Mawazo yangu hayajabadilika. Kitabu ni kibaya. Nimekisoma tena sasa hivi, kabla ya kuchukua kalamu, nikimtafutia Kishada udhuru, na sikuuona. Mimi na Kishada basi. Nimemsoma tangu sijui kuandika jina langu, nimemngoja miaka aliyopotea, na aliporudi hakuwa yeye. Siwezi kuendelea kufungua kurasa kwa roho juu halafu kila mwezi nizikwe na mzee mwingine. Respi nimemwambia hivyo dirishani treni ikianza kutembea, na amenipungia mkono, kwa hiyo amesikia.

Ila toleo la pili likifika Mwanza, nitakuwa wa kwanza kwa muuza magazeti. Nitavaa gauni la misa. Nitalinunua, nitalibeba mkononi likiwa wazi, nitapita nalo njia ndefu ya sokoni ili wanione, na nitalibandika saluni juu ya kioo kikubwa, mahali ambapo kila mwanamke anayekaa kwenye kiti changu lazima ainue macho. Akisoma jina nitamwambia huyo ni baba yangu, na huyo mwingine ni mdogo wangu. Akiniuliza ndani kumeandikwa nini, akamwulize mwingine.

Mimi nitakuwa nimesoma jalada.